Somo: Mafuta Yaliyomo Katika Ganda la Korosho



Somo la toleo hili lahusu kitu ambacho wengi wetu twakikanyaga kila msimu bila kukitazama mara ya pili, nacho ni ganda la korosho. Mwanachama apimapo korosho zake ghalani, fikira zake zote zimo katika kiini. Lakini katika kila kilo 100 za korosho ghafi, kilo zipatazo 70 ni ganda. Sehemu kubwa ya mzigo tuuzao, basi, ni ile tuiitayo taka.

Ganda hilo lina kuta mbili ngumu, na baina yake pana vijumba kama vya sega la nyuki, vilivyojaa mafuta mazito yenye rangi ya kahawia. Kila aliyepata kubangua korosho ayajua mafuta hayo kwa madhara yake: hubabua vidole, na moshi wake huwasha macho na koo. Ndiyo sababu wabanguaji hupaka mikono yao majivu au mafuta ya kupikia kabla ya kuanza kazi.

Kile kinachobabua ndicho chenye thamani. Sehemu kubwa ya mafuta hayo, yakiwa bado mabichi, ni asidi iitwayo anakadi. Ikipashwa moto mkali, asidi hiyo hutoa hewa ya kaboni na kugeuka kadanoli, ambayo ni ya jamaa ya fenoli, dawa itumiwayo viwandani kutengenezea gundi na plastiki ngumu. Kadanoli ikichanganywa na fomaldehaidi hugandamana ikawa kitu kigumu kisichoyeyuka upesi kwa joto wala kwa maji. Mortimer Harvey, mkemia wa Marekani, alikuwa miongoni mwa waliofungua njia hiyo kati ya vita viwili vya dunia. Hadi leo unga wa utomvu huo hutiwa katika pedi za breki za magari, na kadanoli huingia katika rangi za kuzuia kutu melini na katika gundi za mbao. Huko India wavuvi wamepaka mafuta ya ganda mbao za vyombo vyao, kama wavuvi wa pwani yetu wapakavyo sifa.

Mafuta hupatikana au hupotea kutokana na namna ya kubangua. Korosho zikikaangwa juu ya bati, kama ifanyikavyo majumbani, mafuta yote huungua na kuwa moshi. Viwanda vingine huzitumbukiza korosho katika mafuta hayo hayo yaliyochemshwa kufikia nyuzi 180 hadi 200 za Selsiasi. Ganda hupasuka na kuachia sehemu ya mafuta yake. Njia ya tatu ni kuzifukiza kwa mvuke, kuzipoza, na kuzikata kwa kisu cha mashine ya mkono. Hapo ganda hubaki na mafuta yake karibu yote, kisha hukamuliwa kwa mashine ya parafujo. Kwa vikundi vya wanachama wetu, hii ya tatu ndiyo ifaayo.

Tufanye hesabu. Tani 1 ya korosho ghafi hutoa kilo 700 za maganda. Tukikadiria kwa tahadhari kwamba kilo 100 za maganda zikikamuliwa hutoa kilo 15 za mafuta, tutapata kilo 105. Chama kikibangua tani 500 kwa msimu, mafuta hayo yatazidi tani 52. Lakini hesabu hiyo ni ya abanguaye tu. Korosho zikisafirishwa ghafi kwenda India au Vietnam, kama ziendavyo nyingi za Tanzania, mafuta huenda nazo, na anayeyakamua ni mwenye kiwanda cha huko.

Hata hivyo tusikimbilie mitambo. Katika miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980 Tanzania ilijenga viwanda vikubwa vya kubangua. Zao lililokuwa limefikia tani 145,000 hivi katika msimu wa 1973/74 likashuka hadi chini ya tani 20,000 katika msimu wa 1986/87, na mitambo mingi ikakaa bila kazi. Chama kimoja cha msingi hakiwezi kulisha mashine ya kukamua mwaka mzima. Vyama kadhaa chini ya chama kikuu huenda vikaweza.

Jambo moja lahitaji kutiliwa mkazo. Wengi wamezoea kuwapa ng'ombe mashudu ya pamba au ya alizeti. Mashudu ya ganda la korosho yasipewe mnyama yeyote, kwani hubakiwa na mafuta yababuayo. Ni kuni za tanuri la kiwanda, wala si za jiko la nyumbani, kwa sababu ya moshi. Mafuta nayo yasichemshwe katika sufuria ya wazi: hutoa povu, hufurika, na hushika moto.

Katibu atakayetaka kulipeleka jambo hili mkutanoni aanze kwa kupima, kwa mwezi mmoja wa kubangua, uzito wa maganda yanayotoka kwa kila kikundi. Maganda yawekwe mahali pakavu penye paa, mbali na chakula na moto, yasichanganywe na mchanga wala mabibo. Kisha mnunuzi atafutwe kabla ya mashine, aulizwe kama ataka mafuta mabichi au yaliyopikwa, na ni kiasi gani cha maji akikubali, maana aghalabu hawapokei yenye maji kuzidi asilimia 1.