SOMO LA LEO: Voisi ya mteja ni ya nani?

Wapambanaji wenzangu, tuanze na swali. Mteja ametuma voisi saa 3 usiku: anataka pea mbili za viatu namba 38, na kesho asubuhi anasafiri. Nani ana jukumu la kuisikiliza? Kama jibu lako ni "yeyote atakayeiona", hiyo oda iko hatarini.

Ofisi zilikutana na shida hii zamani. Mmarekani Gordon Matthews aliomba hataza ya mfumo wa ujumbe wa sauti wa ofisini mwaka 1979, akaipata 1983. Ukipiga simu isipopokelewa, unaacha sauti yako kwenye sanduku. Ila masanduku yenyewe hayafanani, na hapo ndipo pana somo letu.

1️⃣ Sanduku la mtu mmoja. Lina salamu yake na namba yake ya siri. Ujumbe usipojibiwa, unajua wa kumuuliza.

2️⃣ Sanduku la pamoja. Kitengo kizima, tuseme mauzo, kinatumia sanduku moja na ujumbe ni mmoja. Mara nyingi wa kwanza akishausikiliza hauonekani tena kuwa mpya. Akisahau kuushughulikia, wengine wanajua tayari umefanyiwa kazi. Hapa ndipo oda zinapofia.

3️⃣ Sanduku la kusambaza. Linafanana na la pili ila kila mtu anapata nakala yake. Hakuna wa kusema "sikuona", lakini watu watatu wanaweza kumpigia mteja yuleyule.

4️⃣ Sanduku la tangazo. Linaongea tu, halirekodi. Linataja saa za kazi na mahali mlipo, basi.

5️⃣ Sanduku la menyu. "Bonyeza 1 kwa mauzo, 2 kwa malipo." Kazi yake ni kukuelekeza sehemu sahihi.

Sasa tuje kwetu, maana ofisi yetu wengi ni WhatsApp Business.

Namba moja unaweza kuiunganisha na vifaa vingine hadi 4. Safi sana, wewe unajibu na mdogo wako anajibu. Ila mmoja akifungua chati, ile alama ya haijasomwa inaondoka na kwa mwenzake. Yaani bila kujua mnatumia sanduku namba 2! Mteja anasubiri, wewe unadhani mwenzako kajibu, naye anadhani umejibu wewe. Asubuhi mteja ameshanunua kwa mwingine.

Fanya hivi:

✅ Gawaneni zamu. Asubuhi mpaka saa 8 mchana ni wewe, baada ya hapo ni mwenzako. Zamu ya nani, voisi ni za huyo. Kwa muda huo sanduku linakuwa la mtu mmoja.

✅ Aliyefungua ndiye mwenye kazi. Kama huwezi kumaliza saa hiyo, weka lebo "Haijaisha". Kabla ya kukabidhi zamu, pitieni lebo hiyo pamoja.

✅ Malalamiko na kurudisha hela yawe na mtu mmoja tu, kila siku. Wakijibu wawili, mteja atapewa ahadi mbili tofauti.

✅ Tangazo lifanye kazi yake. Bei weka kwenye katalogi. Gharama za kutuma mzigo na siku za kutuma weka kwenye majibu ya haraka, ukiandika alama ya / yanakuja yenyewe. Maswali ya kila siku yakipungua, voisi zenye hela zinaonekana.

✅ Menyu weka kwenye ujumbe wa salamu: "Andika 1 kwa oda, 2 kwa mzigo uliotumwa, 3 kwa malalamiko." Ujumbe huu unamfikia mteja anayeandika mara ya kwanza, au aliyekaa kimya siku 14.

⚠️ Usiandike "tunakujibu sasa hivi" wakati mmelala. Sema saa kamili mtakayojibu. Yule wa viatu akijua mnaanza saa 1 asubuhi, anaweza kusubiri.

Upo peke yako? Bado inakuhusu. Panga saa mbili au tatu maalum za kusikiliza voisi, na usifungue ambayo huna muda wa kuijibu.

Leo kabla hujalala, pitia chati 10 za mwisho. Kila moja ujiulize: hii ni ya nani? Ukikosa jibu, hapo ndipo pa kuanzia. Mtumie na mwenzako mnayeshika naye namba ya biashara. 💪🏾