Mwalimu wa Sayansi, Nyamaza Kidogo: Vidokezo kutoka Benchi la Nyuma

Kila msimu wa mazoezi ya kufundisha, kazi yangu ya ukufunzi hunipeleka kukaa benchi la nyuma katika madarasa ya watu. Huko nyuma ndiko unakomwona anayechora magari kwenye daftari, aliyeelewa na anayeitikia tu. Haya ni kwa ajili yenu mnaoanza kazi, andalio la somo mkononi na moyo ukidunda.

1. Lifute swali la "Mmeelewa?"
Jibu lake linajulikana tangu chekechea: "Ndiyooo!" Anaitikia hata aliyekuwa anasinzia. Wape jambo la kubashiri badala yake. Shika chungwa juu ya ndoo ya maji: litaelea au litazama? Na likimenywa? Wanyooshe mikono, uandike idadi ubaoni, kisha ulitumbukize. Lenye ganda huelea, lililomenywa huzama, na mabishano huanza yenyewe. (Limenye mpaka kwenye nyama, si kama wanavyomenya wauza machungwa wa barabarani. Ule weupe una hewa, utakuumbua. Jaribu nyumbani kwanza.)

2. Ukiuliza, hesabu hadi tatu kimoyomoyo
Mtafiti Mmarekani Mary Budd Rowe, miaka ya 1970, aligundua kwamba walimu husubiri kama sekunde moja tu baada ya kuuliza, kisha wanajijibu au wanamrukia mwingine. Waliposubiri sekunde tatu au zaidi, majibu yalirefuka na waliokuwa kimya wakaanza kusema. Ni dawa isiyonunuliwa, lakini kumeza kwake kuna kazi: sekunde tatu mbele ya wanafunzi sabini ni ndefu.

3. Usidharau dhana potofu, ina akili zake
Waulize kwa nini Julai ni baridi. Wengi watasema dunia iko mbali na jua. Filamu ya Kimarekani ya mwaka 1987, *A Private Universe*, iliwaonyesha wahitimu wa Harvard wakiwa na majoho yao wakieleza majira kwa sababu hiyohiyo ya umbali, kwa hiyo usimcheke mtoto wa Kidato cha Pili.

Sisi tunaofundisha kusini mwa Ikweta tuna mtihani zaidi yao. Mwanzoni mwa Januari dunia huwa kama kilomita milioni 147 kutoka kwenye jua, na mwanzoni mwa Julai kama milioni 152. Mtoto wa Njombe anayevaa sweta mwezi wa saba akiambiwa takwimu hizo atasema, "Si nilisema?" Data inamuunga mkono! Ukimwambia tu "hapana", atakariri jibu lako kwa ajili ya mtihani na kubaki na lake moyoni.

Basi mpe kitu ambacho nadharia yake haiwezi kukimeza: Januari hiyohiyo London wanatetemeka, nao wako kwenye dunia hiihii, umbali uleule. Mwache ahangaike kidogo. Halafu washa tochi ya simu juu ya daftari. Ikimulika wima, mwanga unakuwa duara dogo, kali. Ukiilaza, mwanga unatawanyika na kufifia. Sasa mhimili wa dunia ulioinama una kazi ya kufanya, na wewe unaweza kuuchora ubaoni.

4. Anzeni na mti, si na mlinganyo wa usanisinuru
Mwembe wa uwanjani una uzito wa mamia ya kilo. Zimetoka wapi? "Kwenye udongo," watasema. Wasimulie Jan Baptist van Helmont, ambaye jaribio lake lilichapishwa mwaka 1648. Alipanda mche wa kilo mbili na kidogo katika udongo wa kama kilo 90, akawa anaumwagilia maji tu. Baada ya miaka mitano mti ulizidi kilo 76, na udongo ulipungua gramu 60 hivi! Yeye akahitimisha kuwa mti umetokana na maji, naye hakupatia yote: sehemu kubwa ya uzito wa mti uliokauka hutoka kwenye kabonidayoksaidi ya hewani. Mwanasayansi aliyepima vizuri akakosea hitimisho ni rafiki mzuri wa darasa.

5. Maabara iko sokoni
Chemsha choya, chuja, umepata kiashiria. Tia ndimu, kinabaki chekundu. Tia magadi, kinageuka kuelekea kijani. Acheni kusubiri kabati la kemikali lifunguliwe.

6. Swali linalokukera usilizime
Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Magamba, Lushoto, alitia kwenye friji maziwa ya aiskrimu yakiwa bado ya moto, nayo yakaganda kabla ya yale ya baridi ya mwenzake. Akaambiwa amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza mgeni, Denis Osborne, aliyekuwa akifundisha fizikia chuo kikuu Dar es Salaam. Wenzake wakacheka. Osborne hakuwa na jibu, ila aliahidi kwenda kujaribu, na akatimiza. Mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala pamoja, na hadi leo wanafizikia wanabishana kuhusu jambo hilo. Sentensi ya kujifunza hapo ni fupi: "Sijui, tujaribu."

7. Wabishane kwa Kiswahili
Mtihani wa sekondari ni wa Kiingereza, sawa, na mwishoni waandike kwa Kiingereza. Lakini anayewaza kwa kutafuta msamiati hawazi, anatafuta msamiati.

8. Soma madaftari ya walio nyuma
Nikija kukagua, andalio lako nitalipitia haraka, maana mengi yamenakiliwa vizuri. Nitakaa na daftari la mwanafunzi. Likiwa na maneno yako matupu, umefundisha ubao. Likiwa na mchoro wake uliokosewa, ukakatwa, ukarudiwa, somo lilikuwepo. Nakuomba usinisubiri: wiki hii kusanya matano kutoka benchi la nyuma, na usiyasahihishe kwanza. Yasome.