Padre Kambini: Tunajifunza Nini kwa Askofu Alfred Rotich?



Sisi tuliokulia Ngara na Biharamulo tumezoea kuona sare za jeshi. Mipaka ya Rwanda na Burundi iko karibu, na wazee wetu hawajasahau Aprili 1994, wakimbizi walipofurika darajani Rusumo. Ndiyo maana swali hili linatugusa: padre ana kazi gani kambini? Je, msalaba na bunduki vinakaa pamoja?

Tumtazame Askofu Alfred Rotich wa Kenya, aliyezaliwa 1957. Mwaka 1996 aliteuliwa kuwa Askofu Msaidizi wa Nairobi, na 1997 akakabidhiwa Jimbo la Kijeshi la Kenya. Alilichunga hadi 2016. Mwishoni mwa 2019 Papa Fransisko alimteua kuwa Askofu wa Kericho.

Jimbo la Kijeshi halipimwi kwa ardhi. Katiba ya kitume Spirituali Militum Curae, iliyotolewa na Papa Yohane Paulo II mwaka 1986, inaeleza kwamba linafuata watu: askari, pamoja na wenzi na watoto wanaoishi nao. Hata hivyo, askofu mahalia hanyang'anywi mamlaka. Askari hubaki waamini wake pia.

Na bunduki je? Mkataba wa Geneva wa 1949 humlinda padre wa jeshi kwa kuwa kazi yake ni ya kiroho tu. Akikamatwa na adui, hahesabiwi mfungwa wa vita. Nayo Sheria ya Kanisa, kanuni ya 289, inawakataza makleri, hata sisi tunaojiandaa kupokea daraja, kujitolea kuingia jeshini bila ruhusa ya mkuu wao wa Kanisa. Basi padre haendi kambini kupigana. Anakwenda kuilea dhamiri ya mwenye silaha. Yohane Mbatizaji hakuwafukuza askari waliomwendea. Aliwaonya wasimdhulumu mtu na waridhike na mshahara wao (Lk 3:14).

Tanzania hatuna Jimbo la Kijeshi. Maana yake, kijana anayelinda mpaka ni kondoo wa parokia iliyo karibu naye. Akija Misa na sare, tusimkwepe kwa hofu. Akihitaji kitubio usiku, asikute mlango umefungwa.

Tutafakari: tukipewa daraja kesho, je, tutakuwa tayari kumfuata askari huko aliko?