Ukikamatwa Umelewa Ukiwa Safarini na Mzigo: Soma Karatasi Kabla ya Kusema "Ni Kweli"

Wafanyabiashara wenzangu, leo sina somo la kupiga picha za bidhaa. Nina somo lililonigharimu mwenyewe, na naliandika kwa sababu wengi wetu siku hizi tunajipelekea mizigo.

Niko hapa Katubuka, nauza dagaa, migebuka mikavu na mawese kupitia WhatsApp na Instagram. Mzigo mdogo naupakia kwenye basi. Oda zikijaa nachukua kirikuu changu, napita Uvinza, navuka Malagarasi, Kaliua, Urambo mpaka Tabora. Safari ile niligawa ndoo zote, pesa zikaingia, nikakaa na wateja wawili tukapongezana. Ukiniuliza nilikunywa bia ngapi nitakwambia mbili, kama anavyosema kila mtu. Zilikuwa nne. Saa mbili usiku nikawasha gari nirudi.

Kwenye mji mmoja njiani trafiki wakanisimamisha, nikapulizishwa kipimo, namba ikawa juu. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 imeweka mpaka wa miligramu 80 za kilevi kwa mililita 100 za damu. Nilikuwa nimevuka, sina la kubisha.

Mtu wa mbali hudhani hili ni jambo la faini ya barabarani, kama zile za mkanda au taa, ulipe kwa simu uondoke. Hapana. Hili linakwenda mahakamani, na mahakama ni ya kule ulikokamatwa, si ya Kigoma. Marekani kila jimbo lina sheria zake na leseni zake. Kwetu sheria ni moja na leseni ni moja Bara nzima, ukifungiwa Tabora umefungiwa na Kigoma. Na akitokea wa kukunong'oneza "tumalizane hapa", jua rushwa ni kosa la pili juu ya lile la kwanza. Namba ya bure ya TAKUKURU ni 113.

Kituoni nilikabidhi simu, pochi na funguo. Hakikisha kila kitu kinaandikwa, na pesa zinahesabiwa mbele yako. Mimi sikuwaza pesa, niliwaza simu. Biashara yangu yote ilikuwa ndani ya ile simu: oda, watu walioshalipia mzigo wa wiki ijayo, kila kitu. Mke wangu hakuwa na pa kuingilia. Kesho yake mteja mmoja wa Dodoma alishaanza kuniita tapeli kwenye status yake. Siku hizi WhatsApp ya biashara imeunganishwa na simu ya nyumbani pia, na oda zinaandikwa kwenye daftari.

Kwa kosa kama hili, polisi wanatakiwa wakufikishe mahakamani ndani ya saa 24 au wakuachie kwa dhamana. Dhamana hailipiwi kituoni. Lakini inataka mdhamini, mtu anayefahamika pale, mwenye kitambulisho na mara nyingi barua ya serikali ya mtaa. Jamani, hapo ndipo ugeni unauma. Ndugu zangu wote wako Kigoma, Ujiji na Kasulu. Nilipopewa nafasi ya kupiga simu moja nilimpigia mama mmoja mwenye duka mji uleule, mteja wangu wa miaka miwili ambaye hatujawahi kuonana. Alikuja asubuhi na barua mkononi. Akanitazama akasema, "Kumbe ndiye wewe mwanangu. Nilidhani ni mtu mzima."

Kabla hajafika, jamaa mmoja mahabusu alishanipa ushauri: "Kiri yote, utalipa faini, jioni uko kwenu." Na kweli nilitaka hivyo, nilichotaka ni barabara tu. Mama ndiye aliyeniambia, "Soma kwanza hiyo karatasi."

Hati ya mashtaka ilikuwa na makosa mawili. La kwanza kuendesha nikiwa nimelewa. La pili kuendesha kwa uzembe na kuharibu mali ya mtu. Mali ipi? Sikugusa hata jiwe. Usiku ule kulikuwa na gari jingine lililogonga kibanda, sijui vipi likaingia kwangu. Ningesema "ni kweli" kwa mkupuo, kibanda kingekuwa changu.

Hapa naomba usome polepole. Chini ya Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, ukikiri mwenyewe na ukatiwa hatiani, huwezi kukata rufaa kupinga kule kutiwa hatiani. Unabaki na kulalamikia adhabu tu, ukubwa wake au uhalali wake. Kesi ya Laurence Mpinga ya mwaka 1983 imeweka milango michache ya kutokea, kwa mfano ulikiri kwa kutoelewa au kukiri kwenyewe hakukuwa wazi, lakini ni milango myembamba. Rufaa nayo ina saa yake: taarifa ya kusudio ndani ya siku 10, rufaa yenyewe ndani ya siku 45.

Hakimu naye ana utaratibu, uliowekwa tangu kesi ya Adan ya mwaka 1973. Usomewe kosa kwa lugha unayoielewa, jibu lako liandikwe, kisha usomewe maelezo ya tukio uulizwe kama unayakubali. Kuna neno si sawa, liseme palepale. Tangu mwaka 2021 lugha ya mahakama zetu ni Kiswahili, kwa hiyo usione haya kusema hujaelewa. Kama huna pesa ya wakili, ulizia wasaidizi wa kisheria, wanatambuliwa kwa sheria ya mwaka 2017.

La kwanza nikasema ni kweli. La pili nikasema si kweli. La kwanza nikapigwa faini na leseni ikafungiwa kwa muda. La pili lilinirudisha kule mara mbili kwa basi, mara ya pili likaondolewa. Nauli iliniuma, lakini sikuthubutu kukosa tarehe. Ukikosa, hati ya kukukamata inaweza kutoka, na aliyekudhamini anaweza kudaiwa ile pesa ya dhamana.

Miezi yote ile nilimlipa kijana aniendeshee, faida ya dagaa ikaishia hapo. Wateja niliwaambia ukweli nusu, kwamba nimepata tatizo la barabarani, na waliotaka pesa yao nikairudisha siku ileile.

Mama yule bado ananunua. Juzi nilimpelekea ndoo ya mawese nikamwambia ni zawadi. Akatuma pesa yote kwenye lipa namba, pamoja na ya basi.