SOMO LA ROBO HII: KUWAFUNDISHA WATOTO WADOGO USAWA NA HAKI



Somo hili ni la walezi wa chekechea hapa Chala na vigango vyake, lakini kila mzazi anaweza kulitumia nyumbani.

Mpe mtoto wa miaka mitano karanga mbili na mwenzake kumi, malalamiko utayasikia papo hapo. Kujua kwamba "nimeonewa" hakuhitaji mwalimu. Kazi ni kutambua kwamba "mimi nimependelewa, mwenzangu ameonewa". Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 katika jarida la Nature ulihusu watoto wa miaka 4 hadi 15 katika nchi saba, Uganda ikiwemo. Katika nchi hizo zote watoto walikataa mgawo uliowapunja. Lakini kukataa mgawo uliowapendelea kulionekana katika nchi tatu tu, Uganda ikiwa mojawapo, tena kwa watoto wakubwa. Nusu hii ya pili ya haki ndiyo tunayopaswa kuifundisha.

Zoezi la 1: Mgawo. Gawa karanga bila kulinganisha. Anza kumwuliza aliyezidishiwa, siyo aliyepunjwa: "Mwenzako anajisikiaje? Tufanye nini?" Mwache apendekeze mwenyewe. Mwishoni wote wapate sawa.

Zoezi la 2: Mahitaji. Simulia habari za watoto watatu, mmoja wao haoni vizuri. Uliza: "Wakikaa mbele kwa zamu, huyu atausoma ubao kila siku?" Watoto wataona kwamba haki siyo kufanyiwa mambo yaleyale, bali kila mmoja kupata kinachomwezesha kujifunza pamoja na wenzake.

Zoezi la 3: Kazi. Chora ufagio, ndoo na sufuria. Uliza ni nani nyumbani anavitumia. Wakijibu "dada" au "mama", uliza: "Na kaka je?" Kisha panga zamu ya kufagia darasa, wavulana kwa wasichana.

Tukumbuke kwamba mtoto hujifunza kwa macho. Kaka akiwekewa dagaa wa Kirando na dada akabakiziwa mchuzi, au kaka akishika daftari wakati dada yuko kisimani, somo letu limefutika. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumbagua mtoto kwa sababu ya jinsia, ulemavu na mengineyo. Lakini jikoni hakuna hakimu, yupo mzazi.

Maswali kwa kamati:

1. Je, watoto wenye ulemavu wa kigango chenu wamo katika daftari la chekechea? Kama hawamo, nani atawatembelea wazazi wao, na lini?

2. Mtoto ambaye mzazi wake hajatoa mchango wa uji, je, huachwa akiwatazama wenzake wakinywa? Deni ni la mzazi. Tukimwadhibu mtoto, sisi watu wazima ndio tunaofundisha ubaguzi.

Nanyi wafadhili, kabla ya kutuma msaada unaofanana kwa kila mtoto, tuulizeni kwanza nani amepungukiwa na nini.

Samaki mkunje angali mbichi. Tuanze sasa.