Kufikisha mabomba ya chuma Nyunzu: kutoka bandari ya Dar es Salaam hadi kwenye mtaro

Ukiagiza mabomba ya maji ya chuma kutoka India au China, bei utakayoletewa mara nyingi itakuwa na maneno "CIF Dar es Salaam". Maana yake ni kwamba muuzaji amehesabu bidhaa, bima na nauli ya meli mpaka Dar es Salaam, na hapo kazi yake imekwisha. Mbele yako kuna kama kilomita 1,250 za reli hadi Kigoma, Ziwa Tanganyika la kuvuka, forodha ya Kongo pale Kalemie, kisha barabara ya udongo mpaka Nyunzu. Gharama na hatari ya safari hiyo yote ni juu yako. Makala haya ni ya kamati ya maji, parokia, ushirika au mkandarasi mdogo ambaye hajawahi kusafirisha mzigo wa namna hii.

Chuma tunachokizungumzia ni chuma cha kusubu, yaani chuma kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu. Kwenye makaratasi ya Kifaransa utakiona kimeandikwa "fonte". Kwacho hutengenezwa mabomba, maungio, vali kubwa za kufungia maji, mifuniko ya mashimo ya barabarani, na baadhi ya sehemu za pampu za mkono. Kiko cha aina mbili. Cha zamani, cha kijivu, ni kigumu lakini hupasuka kikigongwa. Cha kisasa, ambacho Wafaransa hukiita "fonte ductile", huvumilia kishindo zaidi, na ndicho kinachotumika siku hizi kwa mabomba ya maji. Mwombe muuzaji aandike wazi kwenye ankara ni kipi anachokuuzia.

Sasa, uanzie wapi? Wengi huanzia kiwandani. Mimi nakushauri uanzie Nyunzu, urudi nyuma. Mtume mtu mwenye pikipiki na daftari apite barabara kutoka Nyunzu hadi Kalemie, aandike kila daraja na kila kalavati: ni la mbao au la chuma, mbao ngapi zimeoza, upana wake, na lori gani lilipita hapo juma lililopita. Daraja dhaifu kuliko yote ndilo litakaloamua ukubwa wa lori, na ukubwa wa lori ndio utakaoamua namna ya kufunga mzigo kiwandani. Kama daraja linabeba lori la tani 10 tu, kontena la tani 25 litakwama Kalemie hata liwe limelipiwa kila kitu.

Uzito wa mzigo unaweza kuukadiria mwenyewe. Bomba la kipenyo cha milimita 100 lenye urefu wa mita 6 huzidi kilo 100. La milimita 200 huzidi kilo 200. La milimita 300 hukaribia kilo 400. Hesabu idadi, zidisha, halafu ongeza maungio, vali na mbao za kupangia. Mabomba 40 ya milimita 200, kwa mfano, yanakupa kama tani 9, ambazo ni mzigo wa lori moja la tani 10. Chuma hulemea lori kabla hakijalijaza, kwa hiyo usidanganyike na nafasi tupu inayobaki juu ya bodi.

Kuna jambo moja la vipimo ambalo huwatesa wengi. Kontena la futi 20 lina urefu wa ndani wa mita 5.9 hivi, kwa hiyo bomba la mita 6 haliingii. Viwanda vinalijua hili, na vingi hukata mabomba ya mita 5.7 kwa ajili ya makontena, lakini ni lazima uombe mapema na kuandika urefu huo kwenye oda. Pia kumbuka kwamba kontena ni mali ya kampuni ya meli. Unapewa siku kadhaa za bure, zikipita unatozwa kwa kila siku mpaka ulirudishe. Kulipeleka kontena mpaka Nyunzu na kulirudisha Dar es Salaam ni kuchezea fedha. Ni afadhali mzigo utolewe Dar es Salaam au Kigoma, kwa idhini ya forodha na mbele ya ofisa wao, upangwe wazi kwenye behewa au lori.

Dar es Salaam utahitaji wakala wa forodha mwenye leseni. Mzigo wako ni wa kupita tu Tanzania, hivyo haulipiwi ushuru wa kuingiza bidhaa huko, ila wakala huweka dhamana mpaka ithibitike kwamba umetoka nchini. Mwombe akuandikie bei tatu tofauti: kazi yake, gharama za bandari, na dhamana. Akikupa jumla moja tu, hutajua pa kujadiliana. Uliza pia siku za bure za ghala ni ngapi na zinaanza kuhesabiwa lini.

Kutoka hapo una njia mbili za kufika Kigoma. Ya kwanza ni lori. Ukichagua lori, mzigo utapimwa kwenye mizani ya barabarani. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 inaweka ukomo wa tani 56 kwa gari na mzigo wake pamoja, na kila ekseli ina kiwango chake: ekseli mbili zilizopakana zenye tairi nne kila moja hubeba tani 18, tatu hubeba tani 24. Kwa hiyo mabomba yakirundikwa nyuma tu, lori linaweza kukamatwa ingawa uzito wote uko ndani ya sheria.

Ya pili ni Reli ya Kati, ambayo kwa chuma kizito naipenda zaidi, kama behewa linapatikana. Njia hii ina historia yake. Meli Graf von Götzen, iliyoundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ilifunguliwa vipande, ikafungwa kwenye masanduku yapatayo 5,000, ikapita Dar es Salaam na reli hii hii, ikaungwa upya Kigoma na kushushwa ziwani mwaka 1915. Ndiyo MV Liemba ya leo. Fanya kama mafundi wa meli hiyo: kila bomba, kila vali na kila sanduku la boliti lipewe namba kwa rangi isiyofutika, na orodha yake iwe na nakala tatu. Boliti kilo 20 zikipotea njiani, mabomba ya tani 9 yatalala chini yakisubiri.

Je, behewa la Tanzania laweza kuvushwa ziwa likaendelea mpaka Nyunzu? Hapana. Reli ya zamani ya Kati ina upana wa milimita 1,000, na ya Kongo milimita 1,067. Mzigo ni lazima ushushwe na kupakiwa upya.

Kigoma hadi Kalemie ni kama kilomita 130 za maji. Chagua meli ya mizigo au tishari, na usikubali kamwe chuma kiwekwe kwenye boti ya abiria. Desemba 2014 meli Mutambala ilizama ziwani humu ikiwa imejaza watu na mizigo, na zaidi ya watu 100 walikufa. Ujue pia kwamba miezi ya kiangazi, ambayo barabara ya Nyunzu inapitika vizuri, ndiyo yenye upepo mkali wa kusini-mashariki ziwani. Weka siku za akiba za kusubiri ziwa litulie. Kabla mzigo haujaondoka Kigoma, uliza Kalemie winchi au kreni inayofanya kazi inanyanyua tani ngapi, maana kila furushi linapaswa kuwa chini ya uzito huo.

Kalemie ndipo utakapolipa forodha, kwa DGDA, mamlaka ya forodha ya Kongo. Wakala wa huko, ambaye watu humwita "transitaire", ataingiza tangazo la bidhaa na kukukumbusha hati nyingine: ankara, orodha ya mzigo, hati ya meli, fomu ya benki ya kuingiza bidhaa, hati ya OGEFREM ya kufuatilia shehena, na cheti cha ukaguzi kinachotambuliwa na OCC, ofisi inayodhibiti ubora. Hati hizi huandaliwa kabla meli haijang'oa nanga kule ng'ambo. Ukisubiri mpaka mzigo ufike, utalipa ghala na faini.

Ushuru wa kuingiza bidhaa Kongo huwa asilimia 5, 10 au 20 kulingana na aina ya bidhaa, na juu yake kuna kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16. Tumia namba za ushuru kumuuliza wakala: mabomba ya chuma cha kusubu ni 7303, maungio 7307, vali 8481, mifuniko 7325, pampu 8413. Tuseme mzigo wako una thamani ya dola 10,000 pamoja na bima na nauli, na kiwango ni asilimia 10. Ushuru ni dola 1,000. Kodi ya asilimia 16 huhesabiwa juu ya 11,000, nayo ni 1,760. Jumla dola 2,760, kabla ya ada za ofisi nyingine. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, lakini bidhaa za India au China bado zinatozwa. Shirika lisilo la faida lenye usajili kamili linaweza kuomba msamaha wa kodi. Ombi lipelekwe mapema, kwa sababu jibu hutoka Kinshasa. Kwa kila malipo dai risiti ya benki au ya ofisi. Malipo yasiyo na risiti hayamo kwenye hesabu yako.

Kutoka Kalemie, pita kwanza stesheni ya SNCC, shirika la reli la Kongo. Reli ya Kalemie hadi Kabalo, iliyokamilika mwaka 1915, inapita Nyunzu, na behewa likipatikana litakuepusha na madaraja ya barabarani. Treni haina ratiba ya kutegemea, kwa hiyo pata jibu la maandishi. Kama ni lori, safiri kati ya Mei na Septemba. Wakati wa mvua barabara za udongo hufungwa kwa vizuizi mpaka zikauke, na malori mazito ndiyo ya kwanza kuzuiwa. Usalama nao hubadilika katika eneo hili. Uliza ofisi ya teritwari Nyunzu, uliza madereva waliorudi jana, sikiliza Redio Okapi. Dereva akisema leo hapana, mwamini.

Kwenye lori, mabomba yalale juu ya mbao, si juu ya chuma cha bodi, yakiwa na kabari pande zote na vichwa vipana vikipishana. Yafungwe kwa mikanda, na mikanda ikazwe upya baada ya mwendo mfupi wa kwanza, kwa kuwa mtikisiko huilegeza. Mipira ya kuzibia maungio isafiri mahali pake, mbali na jua na mafuta.

Nyunzu bila kreni, mzigo hushushwa kwa nguzo mbili imara zilizoegemezwa kwenye bodi kama ngazi, na kamba mbili zilizozungushwa kwenye bomba, watu wakizilegeza taratibu kutoka upande wa juu. Asisimame mtu chini ya nguzo. Kulitupa bomba juu ya tairi huonekana kunaokoa muda, lakini saruji iliyopakwa ndani huvunjika na hutaiona mpaka maji yapite. Vali na vitu vyenye umbo gumu vishushwe kwa miti mitatu na winchi ya mnyororo.

Halafu kagua, kabla dereva hajaondoka. Inua kidogo kila bomba na uligonge taratibu kwa nyundo ndogo. Lililo zima hulia kama kengele, lenye ufa hutoa sauti butu. Chungulia ndani kwa tochi. Hesabu kwa orodha yenye namba. Chochote kilichopungua au kuvunjika kiandikwe kwenye hati ya usafirishaji, kwa namba yake, dereva atie saini na wewe utie saini, kisha upige picha. Ukisaini kwamba umepokea mzigo salama, bima inaweza kukataa kukulipa.