SOMO: SOMA ANKARA KABLA YA KULIPA



Zamani mvuvi wa Salale au Mbwera akitaka leseni ya uvuvi alibeba fedha mpaka ofisini. Akipewa stakabadhi, shughuli imekwisha. Tangu mwaka 2017 upo mfumo wa kielektroniki wa malipo ya Serikali. Leo ukifika ofisini hupokelewi fedha. Unapewa namba.

Namba hiyo ni nini?

Ni namba ya kumbukumbu ya malipo. Wengi tunaiita kontroo namba. Ina tarakimu 12, na ni ya ankara yako tu. Ankara ni hati inayoeleza nani anadaiwa, anadaiwa nini, na shilingi ngapi. Wenye kompyuta hutumiwa ankara kwa barua pepe. Sisi huku delta huipata kwa karatasi au ujumbe wa simu. Kisha unalipa benki, kwa wakala, au kwa simu yako mwenyewe.

Fanya hivi:

1. Soma ankara yote. Jina ni lako? Kiasi ni sawa? Mwisho wa kulipa ni lini?
2. Nakili namba kwa mafungu matatu ya tarakimu nne nne. Ukikosea tarakimu moja, malipo hayafiki kwenye ankara yako.
3. Lipa, kisha ngoja ujumbe wa kuthibitisha. Mtandao ukikatika, usiharakishe kulipa tena. Angalia salio lako kwanza, uliza kwa wakala.
4. Usifute ujumbe huo. Ndiyo ushahidi wako.

Jihadhari na matapeli

Huenda umewahi kupata ujumbe huu: "Ile hela tuma kwenye namba hii." Tazama namba yenyewe. Ikianza na 0 au 255, hiyo ni simu ya mtu. Ada ya Serikali hailipwi kwenye simu ya mtu. Usitume kitu! Peleka ujumbe huo kwenda 15040, Mamlaka ya Mawasiliano waushughulikie.

Tena, namba yako ya siri usimtajie mtu, hata akiwa mjukuu wako anayekusaidia kubonyeza. Ulijifunza kusoma ili usisomewe. Basi soma mwenyewe, polepole, ndipo ulipe.

MASWALI

1. Kontroo namba ina tarakimu ngapi?
2. Utaijuaje namba ya simu ya mtu?
3. Mtandao ukikatika wakati unalipa, utafanya nini?